Msalaba Kwenye Kava la Kaseti

Sura ya Tano

Sajenti Makarius Luambano hakuwa mpenzi wa muziki wa dansi, lakini wiki ile nzima alitembea na kaseti moja mfukoni na hakuwa ameisikiliza hata mara moja. Alichokuwa akikitazama ni kava lake. Ilikuwa karatasi ya kijani iliyotolewa fotokopi, yenye sura tano za wanamuziki wa bendi ya Matogoro Sound zilizochorwa kwa wino mweusi. Juu ya kichwa cha mmoja wao, mpiga gitaa la solo aitwaye Edmund, palikuwa na msalaba mdogo, na chini ya sura yake paliandikwa: Marehemu.

Kwa kava hilo ndipo Hilda, mke wa Edmund, alipojua kwamba amekuwa mjane. Hakuletewa habari na ndugu wala na padre. Alikuwa sokoni Majengo ananunua dagaa, akainua macho, akaona sura ya mumewe imening'inia kwenye kibanda cha kaseti ikiwa na msalaba kichwani. Aliangukia pale pale kwenye matenga ya watu. Walipomwinua, jambo la kwanza alilouliza lilikuwa hili: nani alijua kifo cha mume wangu kabla yangu mimi?

Ndilo swali alilokuja nalo kituoni, na Mkuu wa Upelelezi alikuwa na jibu tayari. Aliyeagiza kava ni Valence Mbunda, kiongozi wa bendi. Edmund alikuwa ameacha gitaa msimu uliopita na kwenda Tunduru kuchimba vito, na kabla ya Pasaka Valence alimfuata huko, akarudi kimya kama aliyemwagiwa maji. Wanabendi wenyewe walikiri kwamba kabla ya hapo wawili hao walikuwa wakigombania nyimbo, kila mmoja akidai ndiye mtunzi. Kisha lilikuwapo suala la jino. Kwenye kava, Edmund alionekana ana pengo jeusi mbele, na Hilda aliapa kwamba mumewe aliondoka Songea na meno yake yote.

"Kapigwa kwanza," Mkuu alisema. "Halafu kasukumiwa shimoni. Mashimo ya Tunduru nani anayahesabu?"

Polisi wa Tunduru walijibu kwa redio kwamba hawana maiti ya jina hilo. Lakini kule watu huchimba kwa majina ya utani, na shimo likiporomoka mara nyingi huwa ndilo kaburi. Hivyo kukosekana kwa maiti hakukumsaidia Valence hata kidogo. Alikamatwa akiteremka kwenye basi la Njombe, begi la gitaa mgongoni, na Ijumaa angepelekwa mahakamani kusomewa shtaka la kuua. Shtaka hilo halina dhamana. Mwisho wake ni kitanzi, na safari ya kufikia kitanzi ni miaka ya kuoza mahabusu.

Kila mtu kituoni alikwishamjua muuaji isipokuwa Makarius, na jambo hilo lilikuwa likimkera.

*

"Tumsifu Yesu Kristo," Valence alisema kutoka nyuma ya nondo.

"Milele amina. Umekula?"

"Nimekula, afande."

"Nani aliagiza ule msalaba?"

"Si mimi. Mimi niliagiza sura tano. Picha nne nilimpelekea mchoraji kwa mkono wangu. Ya Edmund ilikuwa ije yenyewe kutoka Tunduru, nilikuwa nimemwachia maagizo. Sisi tukaenda kupiga Madaba, tukapanda mpaka Njombe. Narudi, nafungwa pingu stendi. Msiba wa rafiki yangu nimeambiwa na askari aliyenifunga."

"Tunduru ulimkuta?"

"Nilimkuta."

"Mligombana?"

"Tuligombana."

"Juu ya nyimbo?"

Valence alikuna ukuta kwa kidole. Alikuwa mtu mrefu, mpole, mwenye sauti ambayo hata ndani ya lokapu ilitoka kana kwamba imepangwa.

"Nyimbo tulishazimaliza zamani. Tuliandika majina yote mawili."

"Basi juu ya nini?"

"Afande, mwenzetu ametangulia. Niliyoyaona Tunduru nimeyazika naye. Hilda ana msiba, mwacheni akae na msiba wake."

"Valence, wanataka kukunyonga."

"Nimesikia. Lakini marehemu simsemi."

Makarius alitoka amefura. Alikwishawazoea watu wanaodanganya ili wajiokoe, hao angalau unajua wanataka nini. Mtu anayenyamaza ili ajiangamize alimchosha kuliko wezi wote wa mkoa wa Ruvuma. Hata hivyo alipofika uani alisimama. Mtu aliyeua hana sababu ya kumstahi aliyemuua.

*

Aurelia Haule alichora kwenye chumba cha mbele cha nyumba yake, mtaa wa Bombambili. Tangu biashara iachiwe huru, kila kijana mwenye gitaa alitaka kaseti yake, na kila kaseti ilitaka kava. Bendi hizo hazikuwa na kampuni wala tajiri nyuma yao. Walirekodi kwenye kumbi za parokia kwa redio ya kuazima, Aurelia akachora, mashine ya fotokopi mjini ikamalizia, na kaseti zikaenda na mabasi. Kuta za chumba chake zilijaa waimbaji wa kutoka Mbinga hadi Tunduru, wote wamechanua nywele na kukaza macho. Katikati yao waliwapo watakatifu, maana kazi hiyo Aurelia aliianzia kwa masista wa misheni, akichora picha za vitabu vya katekisimu.

"Sajenti, nimeshaandika maelezo mara mbili," alisema bila kuinuka. "Au sasa mnataka niyachore?"

"Nataka kuuona mchoro wenyewe, mama. Si kava. Ule uliotoka mkononi mwako."

Aurelia alifuta kalamu ya nibu, akavuta mchoro uliokuwa umebanwa kati ya mbao mbili. Makarius alishangaa ukubwa wake. Alikuwa amezoea kuiona sura ya Edmund ikiwa ndogo kama kifungo cha koti, na sasa ilikuwa mbele yake kubwa kama kiganja.

"Tunachora kubwa, mashine inapunguza," Aurelia alisema. "Picha ya huyu, na wenzako hawakuniuliza hilo, aliniletea Azizi, dereva wa lori la korosho. Akasema mwenyewe ametangulia mbele ya haki, jamaa zake wanaomba awekewe alama. Nikaweka."

"Hukumuuliza Valence?"

"Nimuulize nini? Rafiki yake kafa, kava ni lake. Nilijua anajua kuliko mimi."

"Na Valence naye, kama angeuona msalaba, angejua wewe umeambiwa na familia."

"Ndiyo."

"Na familia ikajua kwa kava."

Ni jambo ambalo lingetokea mahali popote watu wanapostahiana mno hata kuulizana kunakuwa utovu wa adabu. Msiba wa Edmund ulikuwa umezunguka mji mzima, na hakuna aliyeuona ukiingia.

"Picha yenyewe iko wapi?" Makarius aliuliza.

"Azizi aliingoja. Alikaa pale mlangoni na chai mpaka nikamaliza sura, akaondoka nayo. Alisema wenyewe wanaitaka, ni kumbukumbu."

"Walimwambia asiiache?"

"Alisisitiza hilo kuliko msalaba."

Makarius alikipeleka kiti dirishani na kuuinamia mchoro. Nywele, masharubu, kola ya shati. Kisha mdomo. Edmund alikuwa akitabasamu, na pale ambapo kava lilikuwa na pengo jeusi, mchoro haukuwa na pengo. Palikuwa na jino, limejazwa vitone vidogo vidogo vilivyopangwa kwa subira. Alilitoa kava mfukoni akavilinganisha. Mashine ilikuwa imeupunguza mchoro, na vitone vikagandamana vikawa doa.

Akainua kichwa, akatazama ukutani. Mtakatifu mmoja alikuwa amezungukwa kichwani na duara ya vitone. Malaika alishika kikombe cha vitone. Mwimbaji fulani wa Mbinga alikuwa na saa ya mkononi, nayo imejaa vitone, wakati redio iliyokuwa mezani mbele yake haikuwa na hata kimoja.

"Mama Aurelia, kikombe kile ni cha nini?"

"Cha dhahabu. Sista alitufundisha hivyo. Wino ni mmoja tu, mweusi, basi kila kitu kina alama yake. Mbao ni mistari, dhahabu ni..." Akasogea, akaangalia sura ya Edmund kana kwamba imechorwa na mtu mwingine.

"Mkuu wangu anasema hilo ni pengo," Makarius alisema. "Anasema Valence alimvunja jino kabla ya kumuua."

"Yesu na Maria. Ni jino la dhahabu! Picha ilikuwa nalo, nikalichora, mkono ukaenda tu." Aurelia alikaa chini. "Kwa hiyo Valence amefungwa kwa kalamu yangu mimi?"

Makarius aliomba aondoke na mchoro, akaukunjia kwenye gazeti.

*

Hilda alikuwa mtaa wa Lizaboni, kwenye mkeka, kichwa kimenyolewa na kaniki begani. Wanawake wa jumuiya walimpisha sajenti nafasi, wakaendelea kuchambua maharage kimya kimya.

"Pole sana, mama. Nina swali moja tu. Edmund alipoondoka, alikuwa na jino la dhahabu?"

Hilda alimtazama kama anayetaniwa mahali pasipo pa utani.

"Dhahabu? Edmund? Alipoondoka hata viatu alivaa vya kaka yangu. Na kila salamu aliyoleta ilikuwa hiyo hiyo, shimo halijatoa kitu, vumilia. Nikavumilia." Alisita. "Kwa nini unauliza dhahabu?"

"Nitakwambia nikijua."

"Afande, usinifiche kitu. Nimefichwa vya kutosha."

Makarius aliondoka akijua kwamba atakachorudi nacho kwa mwanamke yule hakitakuwa zawadi. Edmund ambaye Hilda alimlilia alikuwa amewekwa jino la dhahabu huko Tunduru, akakaa mbele ya mpiga picha akatabasamu, na wakati huo huo alikuwa akituma salamu za njaa. Hilo peke yake halikusema kwamba hakufa. Lilisema tu kwamba alikuwa mwongo, na waongo nao huporomokewa na mashimo.

*

Azizi alikuwa chini ya lori lake nyuma ya maghala, miguu nje. Mkuu angependa sana kumkamata naye, kwa sababu kesi yenye washtakiwa wawili huonekana imechunguzwa vizuri. Makarius aligonga bodi kwa kiganja.

"Afande, wallahi mimi ni mchukuzi tu," Azizi alisema akitoka, mikono mieusi kwa grisi. "Nabeba korosho, nabeba wagonjwa, nabeba barua za mapenzi. Nikianza kuuliza kila kitu kimetoka kwa nani sitafika."

"Hiki kilitoka kwa nani?"

"Kwa Yusufu. Kijana mmoja pale Tunduru, mkwe wa Mzee Daimu, mnunuzi wa korosho. Alisema rafiki yake mpiga gitaa kafukiwa na shimo, hana ndugu kule, angalau akumbukwe kwenye kaseti ya wenzake. Nikaona ni jambo la heri."

"Picha uliitazama?"

"Bahasha ilibandikwa gundi. Mama mchoraji ndiye aliyeifungua, mimi niko nje na kikombe. Akanirudishia imefungwa, nikamrudishia Yusufu."

"Huyu Yusufu akicheka, unaona nini?"

Azizi alicheka mwenyewe. "Unaona mali! Ana jino la dhahabu hapa mbele. Anacheka hata pasipochekesha, watu walione."

Makarius alikunjua gazeti juu ya bodi ya lori. Azizi alijifuta mikono kwenye suruali, akainama, na kicheko kikamwishia mdomoni.

"Astaghfirullah," alinong'ona. "Ndiye. Lakini afande, kava nimeliona mara ngapi! Pale ana pengo, na msalaba, na wote wamechorwa masharubu ya aina moja. Sikumfananisha."

"Anajua kwamba Valence amekamatwa?"

Azizi aliangalia pembeni.

"Azizi."

"Nilimwambia mimi mwenyewe, safari iliyopita. Nilimpelekea habari nikidhani nampa pole. Nikamwambia yule mkuu wa bendi yuko ndani kwa kumuua rafiki yako. Akaniagizia chai, akasema serikali ina macho, itaona yenyewe."

Basi Makarius alilipata alilokuwa akilitafuta, na halikumfurahisha. Land Rover ya kituo haikuwa na mafuta. Akapanda kwenye lori la Azizi.

*

Mzee Daimu alikuwa barazani kwake, na Makarius alimwamkia kabla ya kujitambulisha. Mzee aliitikia marahaba, akamkaribisha, akamwita binti yake Shamimu alete maji. Nyuma ya binti alitoka mwanamume kijana amevaa kanzu nyeupe, anatabasamu. Tabasamu lilipoona sare likafungwa haraka, lakini dhahabu ilikuwa imeshaonekana.

"Edmund," Makarius alisema.

"Umekosea, afande. Mimi ni Yusufu."

Makarius hakubishana naye. Aliiweka kaseti mkekani mbele ya mwenye nyumba. Mzee Daimu aliishika mbali na macho yake, akaisogeza, akaisogeza tena.

"Huyu mwenye msalaba ni nani?"

"Ni mume wa mtu, mzee wangu. Mkewe yuko Songea, amenyolewa nywele, analala chini kwa sababu yake."

Mzee alimgeukia mkwewe. "Una mke?"

Mkwe alirekebisha kola ya kanzu yake.

"Nakuuliza kwa mara ya pili, una mke?"

"Alikuwepo."

"Ungesema," Mzee Daimu alisema, na sauti yake haikupanda. "Ungesema tu, mwanangu. Dini haikukukataza, wala mimi nisingekukataza. Ulikuja kwangu ukasema huna mtu duniani. Nikakuhurumia, nikakupa huyu."

Hapo Edmund alipasuka. Maneno yalimtoka kwa lafudhi ya Kingoni aliyokuwa ameificha kwa miezi. "Mzee, kwenu ni rahisi. Kwetu ndoa ya kanisani haifunguki! Padre hafungui, askofu hafungui. Inafunguliwa na kifo, basi. Ningemwambia Hilda nimepata mwingine, angeningoja mpaka uzee, na mama yangu angelia kila Jumapili. Valence akaniletea maagizo, leta picha ya kava. Nikaona njia ndiyo hiyo. Kaseti inafika kila kijiji. Watalia mara moja, yataisha. Hilda ataolewa na mtu mwema. Nani ameumia?"

"Valence yuko lokapu kwa kukuua," Makarius alisema.

"Nilisikia."

"Ukakaa."

"Ningerudije, afande? Marehemu anaendaje kumtoa mtu polisi? Na isitoshe yeye alinikuta hapa na Shamimu, aligomba sana, akaondoka na hasira. Nikajua ataeleza, mtamwachia."

"Hajaeleza."

Edmund alinyanyua uso.

"Mpaka leo hajaeleza kitu," Makarius alisema. "Anasema marehemu hasemwi. Keshokutwa wanampeleka akasomewe shtaka la kunyongwa, na bado anakutunzia siri yako."

Kwa mara ya kwanza Edmund alitazama chini. Shamimu alikuwa bado ameshika kata ya maji. Aliiweka sakafuni polepole.

"Mke wako anaitwa nani?" alimuuliza.

"Hilda."

"Afande, mfikishie Hilda pole yangu," alisema, akaingia ndani, na hakutoka tena hata walipoondoka.

Njiani, lori likirushwa na mashimo ya barabara, Edmund alipata tena ulimi. Alimsogelea Makarius na kumwambia taratibu, kama mtu anayeuza ng'ombe. Karatasi zake zote zinasema Yusufu. Hilda akisema si yeye, kila mtu atapata chake. Hilda atabaki mjane, ataolewa kwa haki. Shamimu atabaki na mume. Na polisi wataona wenyewe namna ya kumwachia Valence.

"Wataonaje?" Makarius aliuliza.

Edmund hakuwa amelifikiria hilo. Makarius alimwamini kabisa kwamba hakuwa amelifikiria, na hilo lilimuudhi kuliko yote.

*

Ijumaa asubuhi gari la mahabusu lilikuwa limeshawashwa uwanjani. Mkuu wa Upelelezi alitazama kwa zamu mtu mwenye kanzu, karatasi zake, mchoro uliokunjwa kwenye gazeti, na sajenti wake aliyejaa vumbi jekundu.

"Vitone," alisema. "Makarius, unataka nisimamishe kesi ya mauaji kwa vitone. Karatasi zinasema Yusufu, na mwenyewe anasema Yusufu."

"Ndugu zake wa kumtambua wako kijijini Maposeni, mkuu. Nipe mpaka kesho."

"Sina kesho. Wanabendi usiniletee, hao ni watu wa Valence. Mlalamikaji yupo nje na mashahidi wake. Aingie aseme. Akisema siye, gari linaondoka."

Hilda aliingia na kaniki yake. Edmund alisimama, akainamisha kichwa kwa heshima.

"Pole na msiba, dada," alisema. "Wamenifananisha na marehemu wako."

Makarius alitamani kumzaba kibao. Lakini alisogea kando, kwa sababu lililokuwa likitendeka halikuwa lake. Yule mtu alikuwa akimfungulia mkewe mlango. Neno moja tu, siye, na Hilda angetoka pale mjane halali, misa imeshasomwa, pole zimeshapokelewa, kijana bado, huru mbele ya Mungu na watu. Neno lingine, na angefungwa tena na mtu huyu mpaka mmoja wao afe kweli. Chumba kizima kililiona hilo, na Hilda aliliona kabla yao.

Alitazama kanzu, viatu, kisha jino.

"Gari linalonguruma nje ni la nani?" aliuliza.

"Ni la Valence," Makarius alisema.

"Anapelekwa leo?"

"Sasa hivi, mama."

Hilda alivuta kaniki, akaifunga vizuri begani.

"Mvueni nguo. Mgongoni kulia ana alama ya maji ya moto. Nilimmwagia mimi kwa bahati mbaya, mwaka tuliooana, nikamuuguza mimi."

Hawakuhitaji kumvua. Edmund alikaa kwenye benchi, na alipokaa akawa amekiri.

"Hilda," alisema, "nilikuwa nimekufungulia."

"Ulinifungulia?" Sasa ndipo sauti yake ilipovunjika. "Nimelala chini kwa ajili yako. Nimemuuliza Mungu kwa nini alikuchukua bila mtu wa kukushika mkono. Nilikuwa nikiamka nawaza shimoni kulikuwa na giza, na wewe ulikuwa na baridi. Kumbe unakunywa chai!" Akamgeukia Mkuu. "Andika, mzee. Mume wangu yu hai. Na Mungu anisamehe, ningependa ingekuwa uongo."

Mkuu aliandika. Kisha akafungua dirisha, akamwashiria dereva azime gari.

Makarius mwenyewe ndiye aliyekwenda lokapu na ufunguo. Alimkuta Valence amesimama, amechomekea shati, tayari kwa mahakama.

"Kaa kwanza," Makarius alisema. "Edmund yu hai. Nimemleta."

Valence alimtazama. Halafu uso wake ukafunguka wote, akacheka kwa sauti, akapiga makofi kama mtoto.

"Yu hai! Mungu mkubwa! Afande, yuko wapi? Ameumia? Nani alimtoa shimoni?"

"Hakukuwa na shimo."

Makofi yalipungua, yakakoma. Makarius alimweleza kwa kifupi kadiri alivyoweza. Valence alisikiliza mpaka mwisho, bado ameshikilia mabaki ya kicheko mdomoni, kana kwamba hajui pa kuyaweka.

"Alijua kwamba niko humu?" aliuliza.

Makarius angeweza kudanganya, na alifikiri kudanganya.

"Alijua. Aliambiwa."

Mlango wa lokapu ulikuwa wazi. Valence alikaa chini sakafuni, mgongo ukutani, akatulia hapo mpaka Makarius akadhani hatatoka. Kutoka ofisini mbele ilisikika sauti ya Edmund ikiuliza kama anaweza kumwona rafiki yake.

"Afande," Valence alisema hatimaye, akiinuka, "kituo hiki kina mlango wa nyuma?"

"Upo, wa jikoni."

"Nipitishe huko."

Makarius akamchukulia begi lake la gitaa, akampitisha jikoni.